Hali Jani

Ndaga huamka imejifunika.
Ukungu umekalia kabichi kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimevaa sweta lako, mikono nimeikunja mara mbili,
nageuza jani, nageuza jingine,
namtafuta anayetoboa usiku.

Huyu hapa.
Chini ya jani la figiri, upande wa mishipa.
Mweusi, lakini si weusi wa masizi;
weusi wa sufuria iliyosuguliwa ikakataa.
Madoa mawili ya chungwa ubavuni.
Miguu nilihesabu sita, akasogea, nikahesabu upya: sita.
Miiba mgongoni, kama kitu kilichoshonwa kwa haraka.
Hakimbii.
Ananitazama, au ana namna ya kutokuwa na macho
inayofanana na kutazama.

Nikamtia kwenye kiberiti, njiti nikazimimina mfukoni,
nikashuka naye barabarani.

Mama Gwakisa akasema, huyo mtoto wa kiwavi.
Kiwavi mwenyewe ni mtoto, nikamwambia, sasa huyu mjukuu?
Akacheka, akarudi kwenye viazi vyake.
Kijana wa bodaboda alisema ndiye aliyemaliza njegere za Isongole;
alimtambua kwa hakika
kabla sijafungua kiberiti.
Na Sanga wa duka la pembejeo,
kule harufu inakokukamata koo tangu mlangoni,
Sanga hakuuliza jina wala hakuangalia.
Aliuliza bomba langu linachukua lita ngapi.
Kwake wadudu wote ni ukoo mmoja
na ubini wao umeandikwa kwenye chupa, chini ya fuvu.

Nikanunua chumvi. Nikapanda mlima.

Ndipo nikalitoa daftari lako, Anyosisye.
Miaka ishirini na sita ya pikipiki ya serikali na matope,
na kila jioni mwandiko uliolala kama mvua ya upepo:
sota wa mahindi machanga, anakata shingo alfajiri;
utitiri, mtafute kwa kioo, si kwa hasira;
kantangaze, kafika kwenye nyanya za mwalimu mkuu.
Nilikuwa nakucheka.
Mwanamume anayepigia magoti jani la maharage,
na mimi nilipigiwa mara moja tu,
tena ulikuwa unatafuta kifungo.

Ukurasa wa mwisho sikuwa nimewahi kuufika.
*Figiri, nyuma ya jiko. Mweusi, madoa mawili ya chungwa,
miiba laini. Hali jani. Chunguza.*
Halafu *Jina*, na nukta, nukta, nukta hadi ukingoni.
Tarehe ni ya Machi,
wiki ile tuliyokodi gari kwenda Rufaa.

Hali jani.
Nilidhani homa imekula neno,
kwamba ulitaka kuandika hali ya jani, ukachoka.
Nikasoma tena, polepole, kwa sauti, jikoni peke yangu.
Hali.
Jani halimhusu.

Usiku nikamrudisha pale pale, nikachuchumaa na tochi.
Mgongo wa jani umejaa vidukari, kijani juu ya kijani,
wananyonya bila aibu.
Alitulia kidogo, kama anayenawa.
Kisha akamshika mmoja, akamla,
akamshika wa pili, kama mtu na karanga zake,
hana haraka, hasazi.
Nilifika kumi na saba, betri ikafifia.
Matundu ni ya nani, basi, bado sijui.
Nilikuwa nimebeba mlinzi kwenye kiberiti
nikimtafutia hukumu barabara nzima.

Pale penye nukta sijajaza kitu.
Chini yake tu, kwa mwandiko wangu wa kusimama, nimeandika:
anakula vidukari, nimemwona.
Sikuweka saini. Ungeijua.

Asubuhi njiti zilikuwa zimelowa mfukoni mwa sweta,
hata moja haikuwaka.
Chai niliinywa saa nne.